Uyoga Haupendi Karamu: kwa Wanaoanza Kuotesha Mamama Nyumbani

Kila msimu wapya wanapojitokeza kuotesha uyoga aina ya mamama uani, picha zilezile huanza kuingia kwenye simu yangu: mfuko wa kuoteshea uliokuwa umejaa utando mweupe wa uyoga hadi katikati, doa la kijani kwenye kona, na chini yake swali, "Mkuu, hii ni kawaida?" Ni kawaida kwa maana kwamba wote tumepitia hapo, lakini mfuko huo umekwisha. Nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, na nawapenda kiasi cha kutotaka mtupe mitaji yenu jalalani, kwa hiyo nayaandika yote kwa mkupuo. Nachukulia kwamba mmehudhuria mafunzo, kwamba mnajua vimeng'enywa ni nini (mabua na majani ambayo uyoga hujilisha mfukoni) na kwa nini mfuko hukaa gizani kabla ya kupelekwa kwenye mwanga. Sitayarudia hayo.

1. Saa za kuipika mifuko kwa mvuke huhesabiwa tangu mvuke unapotoka kwa nguvu chini ya mfuniko, wala si tangu moto unapowashwa. Pipa la lita 200 lililojaa mifuko huchelewa sana kupata moto, na kitovu cha mfuko wa katikati huchelewa kuliko vyote. Hesabuni saa nne kamili kuanzia hapo, zimeni moto, kisha acheni pipa lipoe likiwa limefungwa mpaka kesho yake. Wekeni sufuria ya maji ya moto karibu kwa ajili ya kuongezea, kwa sababu maji ya baridi huua mvuke na kuwarudisha mwanzo, na pipa lililokauka huunguza mifuko ya chini huku ya juu ikiwa haijaiva.

2. Vimeng'enywa vikiminywa kwa nguvu kiganjani vitoe matone machache kati ya vidole. Vikitiririka, vianikeni tena.

3. Pumba. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili lilinigharimu msimu mzima na nusu ya heshima yangu mtaani.

Nilikuwa nimekwisha kuvuna mara kadhaa kwa mabua ya mpunga matupu, mavuno yakiwa ya wastani, na hoteli moja ya jirani ikakubali kuchukua mzigo kila wiki endapo ningeongeza kiasi. Nikasoma mahali kwamba naitrojeni huongeza mavuno, jambo ambalo ni kweli, nikahitimisha kwamba naitrojeni maradufu huongeza mavuno maradufu, jambo ambalo ni upuuzi. Badala ya pumba za asilimia 5 hadi 10 ya uzito mkavu tulizofundishwa, nilimwaga pumba za mahindi mpaka mabua yakabadilika rangi, nikaongeza mashudu ya pamba, na ili nisibakize kitu, nikakoroga sukari kwenye maji ya kulowekea. Mchanganyiko ulinukia vizuri kiasi kwamba kuku wa jirani walivuka ua kuufuata, na hilo pekee lingetosha kuwa onyo.

Nikapika katika pipa lilelile, kwa muda uleule. Nikapanda mbegu, nikaipanga mifuko kwenye chumba cha giza ikiwa imebanana kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Siku chache baadaye niliweka kiganja juu ya mfuko nikahisi joto, nikafurahi nikidhani kwamba uyoga unachapa kazi. Waliokuwa wakichapa kazi ni bakteria na kuvu wengine ambao hawakualikwa. Utando wa mamama hukua vizuri kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi. Joto likipita 35 hudorora, na likipita 40 huanza kufa, na kitovu cha mfuko ulionona huwa na joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa.

Kisha ukatokea weupe wa haraka ajabu, nikamwita mke wangu aje aone. Ulikuwa weupe wa Trichoderma, ukungu ambao huanza ukiwa mweupe kabla ya kutoa vumbi lake la kijani. Tangu siku hiyo nimejifunza kutazama kwa karibu: utando wa mamama hutoka kwenye kila punje ya mtama iliyobeba mbegu ya uyoga, ukatawanya nyuzi pande zote na kuwa mzito kadiri unavyosonga, ilhali weupe wa ukungu huibuka popote, mbali na mbegu, ukiwa mwembamba na wa ungaunga.

Madoa ya kijani yalipoenea, mtu mwenye akili angeibeba mifuko ile ikiwa imefungwa, akaizika mbali. Mimi niliingia na kisu. Nilifungua mfuko mmoja mmoja mlemle ndani, nikakata sehemu za kijani ili kuokoa zile nyeupe, feni ikizunguka juu yangu kwa sababu kulikuwa na joto. Vipande nilivitupa nyuma ya banda, upande ule ambao upepo wa kusi huingilia. Mizunguko iliyofuata niliipika kwa mabua matupu, bila kuruka hatua yoyote, nayo pia ikageuka kijani, hoteli ikatafuta mtu mwingine, nami nikampigia simu kwa hasira aliyeniuzia mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Ile mifuko ya mwanzo uliitupa wapi?"

Sababu ya pumba kuniharibia mifuko ile ya mwanzo ni hii, na ningependa muielewe kuliko kuikariri. Pipa letu halipiti nyuzi 100. Joto hilo huua wadudu, mayai yao na sehemu kubwa ya kuvu, lakini mbegu sugu za bakteria hubaki hai. Kwenye mabua ya mpunga au majani makavu ya migomba hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa chakula kilichomo kimefungwa ndani ya lignini na selulosi, yaani sehemu ngumu za mmea, na mamama ina vimeng'enya (kemikali za kumeng'enyea chakula) vya kuifungua lignini ambavyo wengi wa washindani wake hawana. Ukiongeza pumba nyingi umewaandalia karamu hata wale wasio na meno. Vimeng'enywa vilivyonona huhitaji nyuzi 121, yaani mvuke uliobanwa kwa mgandamizo wa ratili 15 kwa inchi ya mraba, kwa saa mbili au zaidi kulingana na ukubwa wa mfuko, na hilo hupatikana kwenye jiko la presha wala si kwenye pipa. Kwa hiyo asiye na jiko la presha asiniulize kuhusu pumba mpaka awe amevuna mizunguko kadhaa safi kwa mabua matupu. Najua wapo wanaotia pumba, wakatumia pipa na kufaulu. Nao wamepika muda mrefu zaidi na wana mikono safi kuliko yenu ya sasa.

4. Msibanie mbegu. Kilo moja ya vimeng'enywa vilivyolowa ipate gramu 30 hadi 50, kwa kuwa mbegu nyingi hufupisha muda ambao ukungu unaweza kuuwahi mfuko. Chupa yenye harufu ya uchachu au ute chini yake irudisheni palepale dukani, hata kama mmesafiri mbali kuifuata.

5. Sanduku la kupandia. Hakuna kifaa cha nyumbani kinachorudisha gharama yake haraka kuliko hiki. Chukueni kontena kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, pasheni moto ukingo wa kopo tupu la maziwa, mkishika kwa koleo, kisha mlibonyeze ubavuni mwa kontena hadi litoboe tundu la mviringo, halafu la pili kwa upana wa mabega yenu. Fanyeni kazi hiyo nje, maana moshi wake si wa kuvuta. Kontena likipinduliwa juu ya meza safi, mikono huingia kwa matundu hayo na mbegu hupandwa ndani. Wengi hudhani kwamba linafanya kazi kwa kuwa limefungwa, ndipo huhangaika kushonea glavu kwenye matundu. Siri yake ni hewa tulivu: vumbi lenye vimelea hutua chini badala ya kuelea juu ya mfuko ulio wazi. Ndiyo sababu feni huzimwa mapema, na mikono husogezwa polepole.

Spiriti ya kufutia iwe ya asilimia 70. Kijana mmoja alinibishia kwamba 96 ni kali zaidi, kwa hiyo ni bora, na nilimwelewa, kwa sababu ndivyo akili inavyotutuma. Ila ile kali hukauka kabla haijaua, na maji ndiyo yanayoisaidia kupenya. Vipimo vitatu vya spiriti ya 96 kwa kipimo kimoja cha maji vinatosha. Nayo isitumike kabisa karibu na moto, hasa ndani ya sanduku, ambamo mvuke wake hujikusanya na kuwaka ghafla.

6. Mifuko iwe ya polipropilini, plastiki inayostahimili mvuke, kwa sababu ile laini ya kawaida hulegea kwenye mvuke na kupasuka mishono. Wanaohofia kukamatwa wanachanganya mambo: katazo la Tanzania la tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya sekta ya kilimo viliachwa. Shingo ya mfuko tengenezeni kwa kipande cha bomba la PVC kilichosuguliwa kingo kwa msasa, kizibo kiwe cha pamba iliyokazwa, na juu yake mfunge karatasi kwa mpira wakati wa kupika. Pamba iliyolowa ni mlango ulio wazi kwa ukungu, kwa hiyo ibadilisheni kabla ya kupanda.

7. Chumba cha mwanga kinataka unyevu wa asilimia 80 hadi 95 na hewa mpya, vyote kwa pamoja, na hapa ndipo ubunifu wenu huwapoteza. Magunia ya katani yaliyolowekwa na kutundikwa ukutani, pamoja na mchanga uliomwagiwa maji sakafuni, hufanya kazi nzuri kuliko pampu za ukungu wa maji mnazonionyesha kwa fahari. Kumwagia maji moja kwa moja kwenye vitufe vya uyoga vinavyochomoza ni kuvichosha. Hugeuka njano na kulainika. Uyoga wenye mashina marefu na kofia ndogo unawaambia kwamba kabonidioksaidi imezidi, kwa hiyo ongezeni matundu ya hewa, mkiyafunika kwa chandarua ili vijinzi wasiingie kutaga.

Kwa walioko Njombe, Lushoto na kwingine kwenye baridi: jiko la mkaa halipelekwi ndani ya banda lililofungwa ili kuongeza joto. Hewa ya mkaa huua mtu akiwa usingizini, na hakuna uyoga unaostahili hatari hiyo.

8. Ulizeni aina ya mbegu kabla ya kulipa. Pleurotus ostreatus hupenda baridi, na kuiotesha Dar es Salaam mwezi wa Februari ni kujitafutia maradhi ya moyo. Pwani tumieni sajor-caju au aina nyingine inayostahimili joto, kisha zile za baridi zingojeeni kipupwe.

9. Uyoga wowote ambao hamkuupanda, ukichomoza mfukoni, msiule, hata mama mkwe akisema anaufahamu tangu utotoni.

10. Vuneni wakati kingo za kofia bado zimejikunja kidogo kuelekea chini, kwa kushika kichane kizima shinani na kukizungusha, bila kuacha kisiki kitakachooza. Mkichelewa, kofia hutanuka na kumwaga vumbi jeupe la mbegu, linaloweza kuleta mzio mbaya wa mapafu kwa mtu anayelivuta mara kwa mara. Vaeni barakoa kila mnapoingia kuvuna, hata kama mifuko ni michache, na asubuhi fungueni mlango mapema ili hewa ya usiku itoke kabla yenu kuingia.