Jibu: Stempu nyekundu isiyo na jina la nchi

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama uibandue kwenye bahasha stempu yako nyekundu yenye kichwa cha malkia, isiyo na jina la nchi wala meno pembeni (vile vichongoka vya kingo vinavyobaki stempu ikichanwa kutoka karatasi yake). Tafadhali usiibandue, kwa kuwa mhuri na anwani vinaeleza mengi ambayo stempu pekee haiwezi kueleza.

Kukosekana kwa jina la nchi kunaelekeza Uingereza, iliyotoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, ikiwa nyeusi, kisha mwaka 1841 ikageukia nyekundu kwa sababu mhuri haukuonekana vizuri juu ya weusi na watu waliweza kuufuta ili waitumie tena.

Anza na herufi zilizo kwenye pembe za stempu. Zikiwa mbili tu, chini, na kingo nne zina nafasi nyeupe ya kutosha, huenda ni ya kabla ya meno kuanza kutumika kwa kawaida mwaka 1854. Zikiwa katika pembe zote nne, mtindo uliokuja baada ya meno, mimi ningeshuku kwamba meno yalikatwa kwa mkasi. Herufi hizo zinaonyesha mahali stempu ilipokaa katika karatasi ya stempu 240, safu 20 za stempu 12, na kwangu huo ndio utamu hasa wa ukusanyaji, yaani kipande kidogo kinachoweza kurudishwa mahali pake.

Kuhusu bei, siwezi kukadiria bila kuiona. Weka picha ya bahasha nzima, pande zote mbili, ukificha anwani ukipenda.