Kalenda imehama, vikao vimeruka saa: anza kwa kusoma faili

Msomaji mmoja ameandika wiki hii. Amehamisha kalenda ya miaka kadhaa kutoka programu moja kwenda nyingine, na kila kikao cha saa tatu asubuhi kimejitokeza saa sita mchana. Akaanza kuvirudisha kimoja kimoja kwa mkono. Alipochoka ndipo akauliza kama kuna njia ya mkato.

Ndugu yangu, simamisha kazi hiyo sasa hivi. Ukisogeza tukio kwa mkono unabadilisha saa iliyoandikwa, na kosa haliko kwenye saa. Liko kwenye neno dogo lililo pembeni yake, lile linaloiambia programu kwamba saa hiyo ni ya wapi. Na ukishachanganya matukio uliyoyasogeza na ambayo hukuyagusa, tiba ya jumla inakufa. Kila tukio litadai dawa yake.

Futa ulichoingiza. Rudi kwenye programu ya zamani, toa faili upya, weka nakala moja pembeni isiyoguswa na ufanyie kazi nakala ya pili. Kwenye programu mpya fungua kalenda tupu, iite Majaribio, na uingizie humo. Usiingize kamwe moja kwa moja kwenye kalenda unayoitumia kila siku. Kalenda ya majaribio ikiharibika unaifuta yote kwa mara moja, lakini matukio mia sita yaliyojichanganya na ya kwako ya kweli utayachambua hadi uchoke.

Sasa fungua faili lenyewe. Faili la .ics ni maandishi matupu yanayofuata kanuni ya iCalendar, RFC 5545 ya mwaka 2009. Notepad inatosha, au TextEdit ukiwa umeiweka kwenye maandishi matupu. Word usiitumie, itakuongezea alama zake. Tafuta jina la kikao unachokijua saa yake bila shaka yoyote, kisha tazama mistari iliyo kati ya BEGIN:VEVENT na END:VEVENT. Unaoutafuta unaanza na DTSTART. Saa humo huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 090000 ni saa tatu asubuhi na 150000 ni saa tisa alasiri.

Mstari huo huandikwa kwa namna tatu, na hapa ndipo ugonjwa wote unapokaa:

DTSTART:20260316T060000Z
DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20260316T090000
DTSTART:20260316T090000

Wa kwanza una herufi Z mwishoni, maana yake saa ni ya UTC, saa ya msingi ambayo saa za maeneo yote ya dunia hupimwa nayo. Wa pili unataja eneo. Wa tatu hausemi lolote: ni saa inayoelea, na kila programu itaisoma kama saa ya mahali ilipo yenyewe. Mistari miwili ya kwanza inaeleza dakika ileile ya dunia. Wa tatu unaeleza dakika tofauti kwa kila anayeufungua, na ndiyo maana faili moja huonekana sawa kwako na bovu kwa mwenzako.

Ukishaujua mstari wako, ukubwa wa kosa unakutajia chanzo. Chukua mtu aliye UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, kama Nairobi. Kikao cha saa tatu asubuhi kikionekana saa sita mchana, ina maana programu iliyotoa faili iliandika saa ya hapo alipo kisha ikabandika Z ya uongo, yaani 090000Z. Iliyopokea ikaiamini na kuongeza saa tatu. Kikionekana saa kumi na mbili asubuhi, ni kinyume chake: saa iliandikwa vizuri kwa UTC, 060000, ila Z imedondoka njiani. Kosa la saa moja tu, tena kwa miezi fulani ya mwaka, ni la saa za majira ya joto, pale baadhi ya nchi husogeza saa mbele kisha kuirudisha. Na siku ya mapumziko inayoanza jana yake usiku ni shida ya tukio la siku nzima. Hizi nne ndizo zinazojitokeza mara nyingi kuliko nyingine zote.

Msomaji wetu ana Z ya uongo. Dawa ni kuiondoa Z na kutaja eneo, ili DTSTART:20260316T090000Z iwe DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20260316T090000. Fanya hivyo kwa DTEND pia, mstari wa saa ya kuisha, la sivyo kikao cha urefu wa saa moja kitaanza kwa wakati na kudumu saa nne. Kutafuta na kubadilisha kwa mkupuo kunawezekana, lakini ni hapa watu wanapoharibu faili zima, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, Z haiko kwenye DTSTART na DTEND peke yake. Iko pia kwenye DTSTAMP, CREATED na LAST-MODIFIED, na huko ni lazima ibaki, kanuni inadai mistari hiyo iwe ya UTC. Ya pili ni mbaya zaidi. Juu ya faili huwa kuna fungu linaloanza na BEGIN:VTIMEZONE, linaloeleza kanuni za eneo, na ndani yake mna DTSTART zake zisizohusu kikao chochote. Ukibadilisha kila DTSTART: ya faili, umevunja maelezo ya eneo na programu italikataa faili au italisoma ipendavyo. Kwa hiyo weka kishale chini ya END:VTIMEZONE ya mwisho, na ubadilishe kuanzia hapo kwenda chini. Matukio ya siku nzima hayataguswa, kwa sababu yao huandikwa DTSTART;VALUE=DATE: na hayaingii kwenye utafutaji huo.

Kama fungu hilo halipo kabisa, liandike. Kwa eneo lisilobadilisha saa ni mistari michache, na huwekwa juu ya VEVENT ya kwanza:

BEGIN:VTIMEZONE
TZID:Africa/Nairobi
BEGIN:STANDARD
DTSTART:19700101T000000
TZOFFSETFROM:+0300
TZOFFSETTO:+0300
TZNAME:EAT
END:STANDARD
END:VTIMEZONE

Jina lililo kwenye TZID ya fungu lifanane herufi kwa herufi na lile lililo kwenye matukio. Kwa eneo lenye saa za majira ya joto usijitungie. Tengeneza tukio moja la eneo hilo kwenye programu unayoiamini, litoe, na unakili fungu lake.

Majina ya maeneo nayo yana mitego. Programu nyingi hutumia majina ya IANA, orodha ya kimataifa ya maeneo ya saa: Europe/Berlin, America/New_York. Outlook ina majina ya Windows: W. Europe Standard Time, E. Africa Standard Time. Programu isiyoyajua, na isiyosoma VTIMEZONE iliyoambatishwa, hulitupa jina na kuigeuza saa kuwa ya kuelea. Kubadilisha jina la Windows kuwa la IANA kunatibu hilo, ila chagua kwa makini. GMT Standard Time ya Windows ni Europe/London, eneo ambalo husogeza saa wakati wa majira ya joto. Greenwich Standard Time haisogezi, hiyo ni Atlantic/Reykjavik. Arab Standard Time ni Asia/Riyadh, na Arabic Standard Time ni Asia/Baghdad. Vifupisho kama CST na IST viepuke kabisa, kila kimoja kina maana zaidi ya moja. Na ukikutana na Etc/GMT+3, jua alama imegeuzwa: hiyo iko saa tatu nyuma ya UTC. Aliye mbele kwa saa tatu ni Etc/GMT-3.

Utaona pia mstari X-WR-TIMEZONE juu ya faili zilizotoka Google Calendar na kwingineko. Haumo kwenye kanuni. Wapo wanaouheshimu na wapo wanaoupita kama hawajauona, kwa hiyo usiutegemee kuponya saa zinazoelea.

Tuje kwenye matukio yanayojirudia, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu kosa lake halionekani siku unayohamisha. Kila kitu kinakaa sawa, unafurahi, unaifuta kalenda ya zamani. Wiki kadhaa baadaye watu wanakusubiri kwenye kikao na wewe hujui.

Chukua kikao cha kila Jumatatu saa tisa alasiri huko Berlin. Majira ya baridi hiyo ni 140000Z. Programu iliyotoa faili ikikigeuza kuwa UTC na kuacha kijirudie hivyo, kitaenda vizuri hadi tarehe 29 Machi 2026, siku Ulaya inaposogeza saa mbele. Jumatatu inayofuata kalenda itaonyesha saa kumi alasiri, na wenzako watakuwa wameingia saa moja kabla. Marekani husogeza mapema zaidi, tarehe 8 Machi mwaka huohuo, na hurudisha tarehe 1 Novemba wakati Ulaya imerudisha 25 Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki tatu za Machi na wiki moja ya vuli ambazo vikao vya kuvuka bahari huyumba hata faili likiwa zima. Usirekebishe chochote katika wiki hizo kabla ya kuthibitisha kwamba ni kosa kweli.

Tukio linalojirudia lisiandikwe kwa Z. Liandikwe kwa TZID, tena TZID ya mwenye kikao. Kama kikao ni cha ofisi ya Berlin, andika Europe/Berlin hata kama wewe unaishi UTC+3 na huhitaji kusogeza saa yako maishani. Kwako kitahama kutoka saa kumi na moja jioni kwenda saa kumi alasiri, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya tukio hilo kagua mistari mitatu zaidi. RRULE, yaani kanuni ya kujirudia, yenye BYDAY=MO (kila Jumatatu): Jumatatu saa mbili asubuhi ya Tokyo ni Jumapili saa tano usiku kwa UTC, kwa hiyo saa ikigeuzwa kuwa Z bila siku kugeuzwa, kikao kinaangukia Jumanne kule Tokyo. UNTIL, tarehe ya mwisho: DTSTART ikiwa na TZID, UNTIL inatakiwa iwe ya UTC, na ikiandikwa UNTIL=20260630T000000Z kikao cha mchana wa tarehe 30 Juni kinakatwa. Kisha EXDATE, yaani siku zilizofutwa. Hii isipofanana na DTSTART kwa eneo na kwa saa, vikao ulivyovifuta vinafufuka. Ukiongeza TZID kwenye DTSTART, iongeze na huku, na kwenye RECURRENCE-ID kama ipo, mstari wa kikao kimoja cha mfululizo kilichobadilishwa peke yake. Watu wengi huisahau EXDATE, kisha hulaumu programu mpya bure.

Tukio la siku nzima lililo sahihi halina saa ndani yake:

DTSTART;VALUE=DATE:20260316
DTEND;VALUE=DATE:20260317

DTEND ni siku inayofuata, haihesabiwi, usiisahihishe. Bovu huandikwa kama usiku wa manane hadi usiku wa manane, kwa mfano 20260315T210000Z hadi 20260316T210000Z. Kwa aliye UTC+3 linajaza tarehe 16 barabara. Kwa aliye Berlin linaanza tarehe 15 saa nne usiku na kukalia siku mbili. Liandike upya kwa VALUE=DATE. Siku za kuzaliwa ndizo huathirika zaidi.

CSV, faili la jedwali la maandishi, iache kama una njia nyingine. Haina mahali pa kuandika eneo, kwa hiyo saa zote ndani yake zinaelea. Ukilazimika, ipe kalenda ya majaribio saa za eneo zilezile za kalenda ya zamani, weka hivyo pia kwenye mipangilio ya jumla ya akaunti, ingiza, kisha rudisha mipangilio. Tarehe nazo zikague: 03/04/2026 ni Machi kwa programu moja na Aprili kwa nyingine.

Ikiwa faili ni zima na bado saa si zenyewe, basi tazama anayepokea. Google Calendar ina saa za eneo za akaunti na nyingine za kila kalenda, na hizo mbili zinaweza kupingana. Outlook ya Windows huziweka kwenye chaguo za Kalenda. Kalenda ya Mac ina swichi ya saa za eneo kwenye mipangilio ya kina (Advanced), na iPhone ina sehemu inayoweza kuifungia kalenda kwenye eneo moja hata ukisafiri. Kifaa cha zamani kisichopata masasisho hubeba kanuni zilizopitwa: Sudan Kusini ilihamia UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, Misri ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023, Kazakhstan ikawa yote UTC+5 tarehe 1 Machi 2024. VTIMEZONE iliyotolewa kabla ya mabadiliko hayo hubaki na kanuni za zamani ndani yake, hivyo sasisha kifaa kwanza ndipo utoe faili.

Kabla ya kuingiza nakala uliyoitengeneza, hakikisha imehifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi, huchaguliwa unapohifadhi) na jina lake linaishia .ics, si .ics.txt. Mstari unaoanza na nafasi ni mwendelezo wa ule wa juu yake, usiiondoe nafasi hiyo. Kisha kagua matukio manne: la mara moja, la siku nzima, linalojirudia kabla ya saa kusogezwa, na lilelile baada ya kusogezwa. Yote manne yakikubali, ingiza kwenye kalenda ya kweli. Ifute ya majaribio kwanza, kwa sababu matukio yana UID zilezile, yaani alama za utambulisho, na programu nyingine hukataa kuyapokea mara ya pili au huyaweka mawilimawili.