Mwacheni Mama Atembee Humo Humo Ndani

Katika familia nyingi ninazozijua, mtoto mwenye adabu ni yule asiyemwacha mzee ainuke. Maji anapelekewa, simu anapelekewa, hata rimoti iliyo hatua nne kutoka kwake yupo mjukuu wa kuikimbilia. "Kaa tu, mama, umeshahangaika vya kutosha." Nia ni njema na mapenzi ni ya kweli. Lakini miguu isiyotumika huisha, na ya mzee huisha upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee waliokuwa na afya zao nzuri, wastani wa umri miaka 67. Siku 10 tu, na kila mmoja kwa wastani alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa fikirieni mzee anayekaa kitini tangu baada ya chai hadi magharibi, mwezi baada ya mwezi.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, ana presha, ana sukari, na goti moja linamsumbua. Tunaishi Ngamiani, Tanga. Kutoka nje alikuacha baada ya kukoswakoswa na bodaboda, na simlaumu. Barabara zetu za namba zina baiskeli, bajaji na mitaro isiyofunikwa, jua la saa nne tayari linachoma, na masika yakiingia ni matope. Kumwambia mtu kama huyo akatembee ufukweni ni kumpa ushauri wa mwenye gari na dereva.

Bahati yetu ni nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, mwisho wake uani. Walioijenga walitaka upepo upite, lakini kwa mzee korido ile ni njia tayari. Ina kivuli, imenyooka, na ina ukuta pande zote mbili wa kushika mtu akiyumba. Humo ndimo mama alimorudia kutembea, na leo anakwenda uani kutawadha bila kumwita mtu. Kwenye nyumba ya kisasa isiyo na korido, zungukeni meza ya sebuleni, au tokeni sebuleni mpaka jikoni mrudi. Urefu si hoja kubwa, maana njia fupi hurudiwa.

Kabla ya hatua ya kwanza, tengenezeni sakafu. Hapa nawasihi msifanye haraka, maana mzee akianguka akavunjika nyonga, habari ya mazoezi imekwisha. Ondoeni mkeka ulioinuka pembeni na kizulia kinachoteleza mlangoni. Waya wa feni usikatishe njia. Ndoo, viatu vya wajukuu na jiko la mkaa vyote vipishe. Marumaru ikipigwa deki, asipite mpaka ikauke kabisa. Kizingiti cha mlango wa uani kipakwe rangi inayoonekana, nyeupe au njano, kwa sababu macho yenye mtoto wa jicho hayatofautishi saruji na saruji. Umeme nao hukatika bila hodi, kwa hiyo jioni taa ya chaji iwe karibu.

Halafu mavazi. Dera linaloburuta ni zuri kwa kukaa nalo, si kwa kutembea nalo. Lifupishwe au lipandishwe na khanga ifungwe kiunoni, na msuli wa baba uishie juu ya vifundo. Kandambili siziruhusu kabisa kwenye zoezi hili, kwani vidole vinalazimika kuzikamata na kisigino kinabaki huru. Soksi tupu juu ya marumaru ni mbaya zaidi. Nunueni raba nyepesi au viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma, vya kutumia ndani tu, visafi. Mwenye sukari asitembee peku hata ndani ya nyumba, maana ganzi ya miguu inaficha msumari na kidonda. Kila usiku mtu amtazame nyayo na katikati ya vidole.

Kusimama nako kuna utaratibu wake. Dawa nyingi za presha huweza kufanya presha ishuke mtu anapoinuka ghafla, ndiyo maana wazee hulalamika kizunguzungu alfajiri. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, apumue kama dakika moja, ndipo ainuke akiwa ameshika kitu kisichosogea. Kiti cha plastiki si cha kushika.

Sasa atembee kiasi gani? Wengi wamesikia habari za hatua 10,000 wakakata tamaa. Idadi hiyo haikutoka hospitalini. Ilianzia Japani mwaka 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Utafiti uliochapishwa 2019 juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliokuwa na 2,700, na kwamba kufikia 7,500 hivi faida iliacha kuongezeka. Mimi namba hizo zinanipa moyo sana. Korido ya mita 10, kwa hatua fupi za mzee, ni kama hatua 20 kwenda na 20 kurudi. Raundi 25 ni hatua 1,000, na haziwi za mara moja, na shughuli zake nyingine za nyumbani nazo zinahesabika.

Shirika la Afya Duniani linataka walio na miaka 65 na zaidi wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na linasisitiza kwamba hata kidogo ni bora kuliko kukaa. Wastani maana yake ni hivi: anaweza kuzungumza, lakini akijaribu kuimba kaswida pumzi inakatika. Sisi saa hatuitazami. Mama hutembea akileta uradi, na jioni tunampigia taarabu za zamani, ambazo ni ndefu za kutosha. Wimbo ukiisha, anakaa.

Kwa mwenye sukari, wakati mzuri kuliko wote ni baada ya kula. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha wazee waliotembea dakika 45 kwa mkupuo na waliotembea dakika 15 baada ya kila mlo. Dakika 15 mara tatu zilishusha sukari ya siku nzima sawasawa na zile 45, na baada ya chakula cha jioni zilifanya kazi vizuri zaidi. Basi ugali au wali ukishaliwa, mzee asielekezwe moja kwa moja kwenye kochi. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitembee na njaa. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akianza kuongea visivyoeleweka, huenda sukari imeshuka mno: mkalisheni mmpe maji ya sukari, mradi anaweza kumeza.

Kugeuka ndiko kunakoangusha. Miguu ibaki mahali pamoja mwili ukizunguka, mtu kashaanguka. Mfundisheni ageuke kwa hatua ndogondogo, akichora nusu duara, na pale mwisho wa korido pawe peupe. Siku moja ageukie kulia, siku nyingine kushoto.

Na msimsemeshe bila mpango. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza jambo dogo walilolichunguza kwa wazee: yule ambaye lazima asimame kwanza ndipo akujibu, ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Kutembea kunamaliza akili yake yote. Basi ukiona mzee wako yuko hivyo, tembea naye kimya, upande wake, nyuma kidogo, wala usimwite kutoka jikoni. Simu yake uishike wewe.

Mnaweza kumpima nyumbani. Pimeni mita tatu kutoka kwenye kiti imara, chora mstari kwa chaki. Ainuke, aende kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Mpelekeni kwa daktari au kwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wakati wote huo atembee na mtu pembeni. Akipewa mkongojo aukubali. Wapo wazee wanaouona aibu, na hapo kauli ya rika lao hufanya kazi kuliko ya mtoto.

Goti linalouma lisiwe sababu ya kukaa. Goti lililolika linahitaji kukunjwa na kunyooshwa, na misuli ya paja ikilegea uzito wote unaliangukia lenyewe. Kipimo chetu ni kesho yake: maumivu yakiwa yametulia, kiasi cha jana kinafaa, goti likivimba au likizidi kuuma, punguzeni raundi, msiache. Pamoja na kutembea, mara tatu kwa wiki afanye na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba: kuinuka kitini na kuketi taratibu, kwa mikono ikibidi, na kusimama kwa vidole akishika ukuta. Kutembea peke yake hakujengi nguvu ya kujiinua chooni.

Maumivu ya kifua, pumzi inayokatika hata akiketi, au maumivu yanayopanda begani na tayani ni ya hospitali mara moja, si ya kusubiri asubuhi. Shavu la mguu likiuma kila akitembea na kuacha kila akipumzika, daktari aambiwe, kwani huenda ni mishipa ya damu. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyepata kiharusi asianze kabla ya kumuuliza anayemtibu.

Kwa mzee aliyekaa miezi mingi, wiki ya kwanza dakika tatu zinatosha, asubuhi, mchana na jioni. Wekeni kiti kila mwisho wa korido. Akizoea, ongezeni dakika moja moja, naye ndiye aseme lini. Na tangu siku hiyo maji yake ya kunywa yakae mezani, mwisho wa njia, ayafuate mwenyewe.