Vipimo Safi, Mgonjwa Bado Anaumwa

Juzi tabibu mmoja kijana aliniandikia: "Kaka, kuna mama anarudi kila wiki. Malaria hasi, presha nzuri, damu ipo. Nimpe nini tena?" Nimefanya kazi miaka mingi katika kituo cha afya cha daraja la 3 huku Busia, Uganda, na wagonjwa wa aina hiyo nawajua vizuri.

Namkumbuka mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa. Kichwa kilimwaka moto, moyo ulimwenda mbio, usingizi hakuna. Daftari lake la matibabu, lile la shule, lilijaa miandiko ya watu tofauti: dawa ya malaria, siprofloksasini, omeprazoli, panado, kisha dawa ya malaria tena. Taifodi iliandikwa karibu kila ukurasa, wakati kipimo cha Widali kinaweza kutoa chanya hata kwa mtu asiye na taifodi! Ada katika vituo vya serikali iliondolewa mwaka 2001, lakini mama huyu alikuwa ameuza mbuzi alipie kliniki za binafsi, kwa kuwa huku kwetu aliambiwa, "Huna ugonjwa."

Nilimpima presha, damu, VVU na uzito, nikamwuliza kuhusu homa na kukonda. Kisha nikaweka kalamu chini.

"Mama, wewe mwenyewe unaogopa ni nini?"

Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua. "Musawo (yaani daktari), dada yangu alianza hivihivi. Tulimzika na uvimbe kichwani."

Kurasa zote zile, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mkuu wangu wa wakati huo alinikemea mbele ya foleni kwamba napiga soga. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Foleni ile ilijazwa na nani, kama si watu wanaorudishwa nyumbani na panado bila kusikilizwa?

Nilimwambia maumivu yake ni ya kweli. Mwili ukikaa na hofu muda mrefu, misuli ya shingo hukaza, moyo hukimbia, na asiyelala huumia zaidi. Nikampangia kurudi kila baada ya wiki mbili, aumwe asiumwe, aje kwangu mimi. Polepole alianza kulala, akarudi sokoni. Kichwa bado humsumbua siku nyingine, ila haogopi tena kwamba anakufa. Najivunia kazi ile.

Basi ndugu yangu, sikiliza kwanza. Usimwambie mtu hana kitu. Usirudie vipimo ili kumridhisha, wala usiandike taifodi ili aondoke na dawa mkononi. Dalili mpya ikija, mpime upya, maana mwenye hofu naye hupata kifua kikuu. Mwulize pia kuhusu huzuni. Lile dodoso la maswali 9 la kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, halichukui muda. Na msiniambie tiba ya maneno ni ya wazungu. Huko Masaka na Rakai, hapa hapa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi vilipunguza sana sonona vijijini. Sikilizeni watu, jamani!

Huyo mama yako mpe siku ya kurudi wiki hii hii, na umwandikie kwenye daftari kwamba ataonana na wewe. Akitaja kutaka kufa, usingoje siku hiyo: mpeleke kitengo cha afya ya akili Mbale, na asisafiri peke yake.