CA-125: alama ya saratani ya ovari, au mshiriki wake?

*Kipimo changu cha CA-125 kimetoka 62, na karatasi inasema mwisho ni 35. Nina saratani?*

Namba hiyo peke yake haisemi hivyo, dada. CA-125 ni protini inayopimwa kwenye damu, nayo hupanda hata kwa hedhi, mimba changa, endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake) na uvimbe wa kawaida wa kizazi. Kwetu huku usisahau kifua kikuu cha tumboni: tumbo hujaa maji, mgonjwa hukonda, kipimo hupanda hadi mamia, kumbe dawa za TB zinamponya. Rudi kwa daktari na majibu ya altrasaundi, umweleze pia ulikuwa siku gani za mwezi ulipotolewa damu.

*Hiyo protini inafanya nini hasa kwenye saratani?*

Hili ndilo swali nililolisubiri. Mtafiti Robert Bast na wenzake waliitambua Boston, Marekani, mwaka 1981, na kwa miaka 20 ikatumika kama alama tu. Mwaka 2001 ikajulikana kuwa ni kipande cha protini kubwa mno, MUC16, ambayo kwa kawaida hulinda sehemu zenye unyevu kama uso wa jicho. Seli za saratani ya ovari nyingi huivaa kwa wingi, na huzifaa. MUC16 hunasana na mesothelini, protini iliyoko kwenye utando wa ndani ya tumbo. Seli iliyobanduka kwenye ovari, ikielea majimajini, hupata pa kushika na kuota. Tena sukari zilizoizunguka ni kama kichaka cha miiba: askari wa kinga wanashindwa kuifikia seli.

*Si mtengeneze dawa ya kuizuia?*

Wamejaribu. Abagovomabu, dawa ya kuuchochea mwili uishambulie CA-125, ilipewa nafasi katika utafiti wa wanawake 888, haikuchelewesha ugonjwa kurudi. Kikwazo kimoja cha kuilenga MUC16 ni kwamba kipande chake kikubwa hukatika na kuelea damuni, kingamwili (protini za kinga zinazotumwa kuishika) zikaishia kukishika hicho. Sasa watafiti wengine wanalenga kisiki kinachobaki kwenye seli.

*Nipime kila mwaka?*

Kama huna dalili, hapana. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa upimaji haukupunguza vifo. Ila tumbo likijaa gesi, ukishiba upesi, au ukienda haja ndogo kila mara kwa wiki kadhaa, usingoje. Na kama mama au dada yako aliugua saratani ya ovari au ya titi, mwambie daktari hilo kwanza.