Uliza Bi Fundi: Blanketi la harusi la Moroko, shali za Tunisia na mengineyo

Tangu AFCON ya Moroko, meseji za nguo za kule hazikauki kwenye simu yangu, na karibu wote mnaandika "nguo za Kiarabu". Sehemu kubwa ya hizo picha mnazonitumia ni nguo za Waberiberi, wenyewe wanajiita Imazighen, wapo Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, mpaka kwenye oasisi ya Siwa kule Misri, na Watuareg wa Niger na Mali nao ni wa ukoo huohuo. Leo nachukua za watu wa Kigoma na Tabora, wengine msubiri.

Bi Fundi shikamoo. Naolewa mwezi wa nane, sendofu tunafanyia hapahapa Mwanga. Nimeona Instagram blanketi jeupe lina vibati vinameremeta, wameandika ni blanketi la harusi la Moroko, nimelipenda mpaka nimeliota. Nataka litandikwe kwenye kiti changu ukumbini afu baadae liende kitandani. Fundi wangu anasema atanitengenezea kwa kitambaa cha taulo. Litafanana? — Bibi harusi mtarajiwa, Kigoma

Marahaba mwanangu, na hongera. Taulo hapana. Huyo fundi mwambie nimesema mimi.

Sasa tuanze na jina. Blanketi la harusi ni jina la dukani, wenyewe wanaita handira, na si la kutandika, ni la kuvaa. Mwanamke analiweka mabegani kama unavyojitanda kanga asubuhi ya baridi, analifunga kwa mbele na kamba, basi linamwagika mgongoni. Linatoka milima ya Atlas ya Kati, na ukisikia Moroko usifikirie jangwa tu, huko juu theluji inaanguka. Ndo maana upande mmoja limefumwa likalala bapa na upande mwingine linaning'inia nyuzi ndefu za sufu kama manyoya ya kondoo mwenyewe, maana baridi ya kule haina utani. Wanafuma wanawake nyumbani, wa familia ya bibi harusi, na vile vibati vinashonwa kwa mkono kimoja kimoja, vinang'aa ni kweli lakini wazee wao wanasema kazi yake ni kurudisha kijicho kilikotoka, kwa sababu siku ya harusi ndo siku mtu anaangaliwa kuliko siku zote.

Na si yote meupe. Mengi yana mistari ya nyekundu iliyokolea na ya nili, na mistari yenyewe inasema kabila. Wale Ait Hadiddou wa upande wa Imilchil, mji mdogo wa milimani hukohuko Moroko, ambako kila Septemba kuna mkusanyiko mkubwa wa watu na ndoa, wanawake wao wanajulikana kwa mistari ya joho lao, yaani mtu anakutazama mgongo tu anajua umetoka kwa akina nani. Sare ya ukoo, tena si ya siku moja kama hizi zetu za kuchangishana hela ya kitenge.

Ushauri wangu: ukipata handira halisi, liingie na wewe ukumbini mabegani, upigwe picha, ulivue. Ni sufu nzito na joto la Kigoma unalijua, utamaliza kumwaga jasho kabla MC hajasema kitu. Baada ya hapo usilitie kwenye beseni, vibati vinashika kutu na madoa yake hayatoki. Ukikosa halisi, chukua pamba nzito nyeupe ile ya kufumwa, muweke mistari miwili mitatu ya rangi za kwenu, afu siku ya kicheni pati wape mama zako na mashangazi sindano, kila mmoja ashone vibati vyake huku wanakusema na kukuimbia. Hapo utakuwa umeiga kitu chenyewe. Kumpa fundi mmoja picha ya simu akamalizie peke yake na mashine, utakuwa na nguo nzuri, sikatai, lakini kilichofanya nguo ya wale wanawake iwe ya harusi hakimo.

Bi Fundi, mi ni fundi mwenzio, niko Kasulu. Kuna mteja kaniletea shali ya kutoka Tunisia, nyekundu yote, lakini michoro yake ni myeupe peee. Nimeigeuza huku na huku, haijachapwa, haijatariziwa. Wamefanyaje? — Fundi, Kasulu

Swali la kiume hili, nimelifurahia kuliko yote. Hiyo inaelekea ni bakhnug, ya vijiji vya milimani kusini mwa Tunisia, Matmata, Chenini, Douiret huko.

Siri iko kwenye uzi. Shali inafumwa kwa sufu, michoro inaingizwa kwa uzi wa pamba, na vyote viwili ni vyeupe. Hebu fikiria, mama anafuma nyeupe juu ya nyeupe, michoro haionekani vizuri hata kwake, hesabu yote iko kichwani na kwenye vidole. Akimaliza anaikata, anaitumbukiza nzima kwenye rangi. Sufu inakunywa ile rangi, pamba inaikataa. Ikitoka, michoro imesimama myeupe kwenye wekundu kama imewashwa taa. Sababu ni kwamba sufu ni nywele za mnyama na pamba ni mmea, hazishiki rangi kwa njia moja, rangi ya mizizi ukiichemsha na shabu inang'ang'ania sufu, lakini pamba bila kutayarishwa vizuri kwanza inaoshwa ikatoka. Nili ndo kichwa ngumu, yenyewe inashika mpaka pamba, si unaijua kaniki.

Rangi nayo si ya kujichagulia tu. Kawaida nyeupe ilikuwa ya wasichana, nyekundu ya mwanamke kijana na bibi harusi, bluu iliyokolea au nyeusi ya watu wazima. Kwahiyo muulize mteja wako anamshonea nani, isije bibi wa miaka 70 akatokea kanisani na nyekundu ya mwali, ingawa kwa Kasulu hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Ukitaka kujaribu, tafuta uzi wa sufu halisi, usichukue ile ya masweta ya plastiki, na uzi mweupe wa pamba, fuma kipande kidogo cha kiganja, chemsha taratibu na rangi iliyoandikwa ni ya sufu ukitia siki. Usikoroge kwa fujo, sufu ikikorogwakorogwa kwenye maji moto inajikunja na kuwa ngumu kama kofia. Nitumie picha.

Dada Bi Fundi, habari. Mume wangu kaletewa zulia dogo la Moroko na bosi wake, jeupe lina alama nyeusi za pembe nne pembe nne na zigizaga. Wifi yangu kaja kaliona anasema hizo ni alama za kiganga na tulichome. Mi naliogopa lakini pia nalipenda. — Mama wawili, Tabora

Msichome jamani! Mwambie wifi achome ubani.

Hiyo nyeupe yenye mistari ya giza ni ya namna ya Beni Ourain, wa Atlas ya Kati vilevile, na wazungu wanayapigania mpaka basi. Zile pembe nne na pembe tatu ni mtindo wa zamani sana wa wanawake wa kule, utazikuta kwenye vyungu vyao, kwenye pini kubwa za fedha wanazofungia nguo mabegani, na zamani hata kwenye tatuu za usoni na mikononi. Kuna zinazosemwa ni kinga ya kijicho, kuna zinazosemwa ni za uzazi, lakini wafumaji wenyewe hawakubaliani, kijiji hiki wanakuambia ni jicho, cha pili wanakuambia ni shamba. Mtu akikupa orodha kamili kwamba hii maana yake hii na ile maana yake ile, huyo ni muuzaji.

Kinachonigusa mimi ni jinsi wanavyokichukulia kile kitanda chao cha kufumia, ambacho kinasimama wima ukutani. Katika sehemu nyingi za Moroko wanakiona kina baraka na kina roho. Nyuzi za mtande, zile za kusimama, zikishafungwa, nguo imezaliwa. Inakua kila siku mshindio, ule uzi wa kukatiza, ukipanda. Siku ya kuikata, inakufa, na kuna mahali wanainyunyizia maji na kutamka shahada kama kwa mtu anayekata roho. Sasa dada yangu, nguo iliyosindikizwa hivyo utaiogopea nini? Litandike sebuleni, watoto wasilimwagie chai.

Bi Fundi, kwani wanaume wa huko hawafumi? — Msomaji wa kiume, Urambo

Wanafuma, hasa mijini, kwenye kitanda cha kufumia kilicholazwa, chenye pedali za miguu, kwa biashara. Kile cha wima nyumbani ni cha wanawake. Na wanaume zamani walivalishwa na hao wanawake: kulikuwa na joho linaitwa akhnif, la milima ya Siroua, jeusi, mgongoni lina kama jicho kubwa jekundu la kuelekea machungwa, lilifumwa umbo lake zima bila kukatwakatwa. Mkeo akikushonea kifungo tu unalalamika kachelewa.

Shikamoo Bi Fundi. Nataka dera langu la Iddi liwe na nakshi za yale magauni ya Siwa, yenye miale shingoni. Nianzie wapi? — Binti wa Ujiji

Marahaba. Siwa iko magharibi kabisa mwa Misri karibu na Libya, na gauni la bibi harusi wa kule ni pana, jeupe au jeusi, nakshi zinaanzia shingoni zinatawanyika kifuani kama miale ya jua, nyekundu, chungwa, njano, kijani na nyeusi, katikati wanapachika vifungo vya chaza. Chini suruali iliyotariziwa miguuni. Msichana ambaye hajaolewa alikuwa anavaa shingoni bamba kubwa la fedha la duara, siku moja kabla ya harusi linavuliwa, basi usije ukajitengenezea na hilo bamba na wakati una mume na watoto watatu.

Dera ni pana tayari, umbo unalo. Chagua kitambaa cheusi kisichovutika, chora duara la shingo kwa chaki, afu piga mistari kutoka hapo kwenda nje, ya katikati mirefu, ya pembeni ifupike. Tarizi kabla hujashona mabega. Vifungo vyeupe vya shati vinatosha, viweke mwisho, na acha nafasi nyeusi kati ya mwale na mwale, wengi wanaijaza yote inakuwa kama zulia la gari.