Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa sababu mimi ni mgeni Kanada

SWALI: Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Ontario, Kanada, mwaka jana. Nina watoto wanne. Juzi nilikwenda kuangalia nyumba. Mwenye nyumba akauliza historia yangu ya mikopo hapa Kanada, nikamwambia sina. Akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Aliposikia idadi ya watoto, akasema nyumba imeshachukuliwa. Jioni hiyo hiyo mwalimu wetu wa Kiingereza, mzaliwa wa hapa, akampigia simu, akaambiwa aje kesho aione. Je, mimi nisiye raia nina haki yoyote? Na nikishtaki, karatasi zangu zitaguswa?

JIBU: Mama, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho, maana hofu hiyo ndiyo inayowafunga mdomo watu wetu wengi. Karatasi zako haziguswi. Uhamiaji uko chini ya serikali kuu. Sheria ya Haki za Binadamu ya Ontario, iliyopitishwa mwaka 1962, ni ya jimbo, na kudai haki chini yake si kosa. Isitoshe, sheria hiyo inamkataza mtu kulipiza kisasi kwa aliyemlalamikia.

Tena inamlinda kila mtu, si raia peke yake. Katika mambo ya makazi inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, mahali ulikotoka, uraia, dini, kuwa na watoto, hata kupokea msaada wa serikali. Kwa maelezo yako naona zaidi ya kimoja hapo. Wala huhitaji kuthibitisha kwamba alikuchukia; inatosha kwamba ugeni wako au watoto walikuwa sehemu ya sababu ya kukunyima nyumba.

Kuhusu mikopo, shika jambo hili moja: kutokuwa na historia si sawa na kuwa na historia mbaya. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuuliza historia ya mikopo na ya upangaji, lakini haruhusiwi kukuhesabia ubaya kwa kuwa huna. Mtu aliyeishi kambini angeitoa wapi? Mpe ulicho nacho: barua ya mapato, barua ya shirika lililowapokea. Mwenye nyumba anaweza kudai mdhamini iwapo anamdai kwa wapangaji wote, si kwa wageni tu.

Miezi sita haipo kisheria. Amana haizidi kodi ya mwezi mmoja, nayo hutumika kulipia mwezi wako wa mwisho. Kwa hiyo unapoingia unalipa mwezi wa kwanza na wa mwisho, basi. Najua wapo waliochanga kanisani wakatoa zote sita. Hao wanaweza kudai ziada yao kwenye Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, mradi mwaka haujapita.

Uliza kwanza kitu kimoja. Kama ungetumia jiko au choo pamoja na mwenye nyumba au familia yake, kinga hii ya makazi haikuhusu. Nyumba ya chini ya ardhi yenye jiko na choo chake imo ndani ya sheria, hata kama yeye anaishi juu yako.

Sasa ufanye nini? Piga simu Kituo cha Msaada wa Kisheria wa Haki za Binadamu. Ushauri ni bure, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Watakusaidia kujaza fomu ya Baraza la Haki za Binadamu, ambayo nayo hailipiwi, ndani ya mwaka mmoja tangu tukio. Sitakudanganya: mashauri huko huchukua muda mrefu, na ushindi mara nyingi ni fidia ya fedha kwa heshima yako iliyovunjwa, si ufunguo wa nyumba ile. Kwa hiyo endelea kutafuta nyumba huku shauri likiendelea.

Ila usilale kabla hujaandika. Tarehe, saa, anwani, maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kiswahili ukitaka. Piga picha tangazo la nyumba kabla halijaondolewa, na usifute ujumbe wowote wa simu. Mwalimu naye aandike leo: alipiga saa ngapi, akajibiwa nini. Ushahidi wake ndio unaoonyesha kwamba nyumba haikuwa imechukuliwa.